Mtoto Anayetaka Kuwa John Muir: Uchambuzi wa Kisa cha Siku Nne Tuolumne

Mtoto ana miaka tisa na anaishi na wazazi wake pwani ya California. Kwa muda mrefu sasa amesoma kila alichokipata kuhusu John Muir, mtaalamu wa maumbile wa milima ya Sierra Nevada. Anajua kwamba Muir alizaliwa Dunbar, Scotland, tarehe 21 Aprili 1838, kwamba familia yake ilihamia Wisconsin mwaka 1849, na kwamba Oktoba 1872 alipanda Mlima Ritter peke yake. Wazazi wamepanga kumpeleka Tuolumne Meadows, sehemu ya juu ya Hifadhi ya Taifa ya Yosemite, kwa siku nne mwishoni mwa Julai. Mtoto ametoa masharti yake: chakula kiwe mkate na chai tu, jaketi libaki nyumbani, usiku atalala juu ya mwamba bila hema, atatembea peke yake, na dhoruba ikija atapanda mti.

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa familia zinazopeleka watoto mlimani kwa sababu ya mtu waliyemsoma. Wazazi wengi hupotelea upande mmoja kati ya pande mbili. Ama wanayakataa masharti yote kwa mkupuo, na mtoto anafika mlimani amenuna, akiamini kwamba milima ya shujaa wake ni ya watu wengine. Ama wanayakubali kwa kumfurahisha, na usiku wa kwanza anatetemeka kwa baridi na hataki tena kusikia habari za milima. Sisi tunasema mtoto huyu hajakosea kumpenda Muir. Amepewa nusu tu ya Muir, ile ya hatari, kwa kuwa ndiyo inayosimuliwa kwa urahisi. Nusu iliyobaki ni ya kutazama, kupima na kuandika. Hiyo mtoto wa miaka tisa anaiweza kabisa, na ndiyo iliyomfanya Muir akumbukwe.

Tuyachukue masharti yake moja moja, maana kila moja lina ukweli ndani yake.

Ni kweli Muir alitembea na mkate mkavu na chai. Lakini mtoto wa kilo 28 anayepanda na kushuka kwa saa tano huishiwa nguvu ghafla. Dalili ya kwanza huwa ni hasira na kujikwaa, kabla hata ya njaa yenyewe. Mkate na chai viwepo, tena kwa heshima zote, kwenye kituo kimoja cha mchana. Zaidi ya hapo apate kitu cha kutafuna kila baada ya dakika 45 hivi: karanga, jibini, matunda makavu. Chai nayo igeuzwe somo. Mpe kipimajoto kinachofika nyuzi 100 na mwambie asome joto la maji yanapotokota. Nyumbani pwani aliona karibu 100. Tuolumne, kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ataona karibu 91. Kila mita 300 za kupanda hupunguza kama nyuzi moja, kwa sababu hewa ya juu inagandamiza maji kwa nguvu ndogo zaidi. Wapanda milima wa karne ya 19 walikadiria kimo cha mahali kwa njia hiyo hiyo. Mtoto aliyetaka chai kwa kuiga sasa ana namba yake mwenyewe kwenye daftari. Maji yakitoka kijitoni, yaachwe yatokote dakika tatu kamili: juu ya mita 2,000 dakika moja haitoshi kuua vijidudu vya tumbo.

Kuhusu jaketi na hema, mtoto ajue kilichotokea kweli. Usiku ule wa kuelekea Ritter, Muir alilala bila blanketi katikati ya misonobari mifupi, na usingizi wake ulikuwa wa kuamka mara kwa mara kwenda kuota moto. Leo moto umekatazwa Yosemite juu ya futi 9,600, yaani kama mita 2,900, kwa kuwa kuni za kule juu huchukua miaka mingi mno kukua. Mwisho wa Aprili 1875, Muir na mwenzake Jerome Fay walinaswa na dhoruba ya theluji karibu na kilele cha Mlima Shasta. Walijinusuru kwa kulala usiku kucha juu ya matundu yanayotoa mvuke wa volkano, upande mmoja wa mwili ukiungua na wa pili ukiganda, na miguu ya Muir iliumizwa na baridi. Msomee mtoto habari hiyo bila kupamba. Akiuliza kwa nini Muir hakufa, jibu la kweli ni kwamba alikuwa mtu mzima mwenye mwili uliokomazwa na kazi za shamba, na mara kadhaa bahati pia ilimbeba.

Habari ya kukomazwa huko watoto huisikiliza kwa makini. Akiwa kijana Wisconsin, baba yake alimtuma kuchimba kisima chenye kina cha futi 90, karibu mita 27, sehemu kubwa kwenye mwamba wa mchanga, kwa nyundo na patasi. Alipofika futi 80 hivi, hewa nzito yenye sumu ilikuwa imejikusanya chini usiku, akapoteza nguvu, akaponea chupuchupu. Huu haukuwa ushujaa wa kujichagulia. Ulikuwa ukali wa mzazi. Mtoto akilielewa hilo, mara nyingi anaacha mwenyewe kudai baridi na njaa kama vile ni sehemu ya elimu.

Kisha mti. Desemba 1874 Muir alipanda mti mrefu katikati ya upepo mkali na kukaa juu kwa saa kadhaa akiusikiliza msitu. Kisichosimuliwa sana ni namna alivyouchagua. Aliangalia kundi la miti michanga, mizima, inayonyumbulika, iliyosimama karibu karibu kiasi kwamba mmoja usingeweza kuanguka mingine ikabaki, na dhoruba yenyewe ilikuwa ya upepo, haikuwa ya radi. Julai na Agosti huko Tuolumne dhoruba za mchana ni za radi, kwa hiyo jibu la kupanda mti ni hapana, bila majadiliano. Swali la kumpa mtoto badala yake ni lile la Muir: kati ya miti unayoiona hapa, upi umesimama imara, na umejuaje? Aangalie mizizi iliyofunuliwa, matawi makavu ya juu, alama za radi zilizoteremka kama mfereji kwenye gome. Hii ni elimu ya usalama pia, maana ndiyo inayotumika kuchagua mahali pa kusimika hema.

Siku ya kwanza na kosa la mwinuko

Katika kisa chetu familia iliondoka pwani asubuhi, ikafika Tuolumne mchana, na jioni ile ile ikaanza kupanda Lembert Dome, mwamba mkubwa wa graniti wenye kilele cha mita 2,880 hivi. Katikati ya njia mtoto akanyamaza, akakataa biskuti, akasema kichwa kinauma. Wazazi wakadhani amenuna kwa sababu ya jaketi alilolazimishwa kuvaa.

Hapa ndipo hatari halisi ya safari nzima ilipo, na haimo kwenye orodha ya mtoto hata kidogo. Kutoka usawa wa bahari hadi mita 2,600 kwa siku moja kunatosha kuleta ugonjwa wa mwinuko kwa baadhi ya watu, wakubwa kwa wadogo. Kwa mtoto, kichwa kuuma, kukataa chakula, kichefuchefu na unyonge usio na sababu ni dalili za mwili, si za tabia. Mtoto anayemhusudu mpanda milima ana sababu ya ziada ya kuficha: anaona aibu. Kwa hiyo aambiwe kabla ya safari kwamba kusema "kichwa kinauma" ni kutoa taarifa, kama anavyoandika joto la maji, na aulizwe kila saa bila kusubiri alalamike.

Waliloamua ni kugeuka, na walifanya vyema: kushuka hadi kambini, maji kidogo kidogo, mlo mwepesi, kulala mapema. Kesho yake hakuna kupanda popote mpaka kichwa kiwe kimetulia kabisa. Angetapika mara kwa mara, au angeyumba akitembea kwenye mstari ulionyooka, wasingesubiri asubuhi; wangeteremka usiku ule ule hadi Bonde la Yosemite, lililo kwenye mita 1,200 hivi, na kutafuta daktari. Njia bora kuliko zote ilikuwa kulala usiku wa kwanza bondeni, kisha kupanda siku ya pili. Safari ya siku nne inabeba hilo bila kupoteza kitu.

Mwamba uliopigwa msasa

Siku ya pili, kichwa kikiwa kimetulia, walikwenda Pothole Dome, ukingoni mwa uwanda wa nyasi. Kwa mtoto anayempenda Muir, hapa pana thamani kuliko kilele chochote. Mwamba ni mfupi, lakini una vipande vya graniti vinavyong'aa kana kwamba vimepigwa msasa na fundi. Ukiviangalia asubuhi, jua likiwa chini, mikwaruzo iliyonyooka inajitokeza, yote ikielekea upande mmoja. Hiyo ni kazi ya barafuto, yaani mto mnene wa barafu unaoteleza taratibu ukiwa umebeba mawe na mchanga tumboni mwake. Kwa ushahidi wa namna hii Muir alibishana na Josiah Whitney, mkuu wa upimaji wa miamba wa jimbo la California, aliyeshikilia kwamba sakafu ya Bonde la Yosemite ilididimia ghafla katika janga la ardhi. Upande wa Whitney walimdharau Muir kuwa ni mchunga kondoo tu. Kweli alikuwa amechunga kondoo huko juu majira ya joto ya mwaka 1869.

Kazi ya mtoto hapa ni ya mikono. Apitishe kiganja kwenye sehemu inayong'aa, kisha kwenye sehemu iliyochakaa pembeni yake. Aweke dira kando ya mikwaruzo na kuandika mwelekeo, mahali patatu tofauti, ili aone kama unabadilika. Kisha atafute jiwe kubwa lililoketi peke yake juu ya mwamba na alichunguze kwa lenzi: je, lina punje kubwa nyeupe za madini, nyingine za urefu wa sentimita kadhaa, kama ulizonazo mwamba chini yake? Kama halifanani na mwamba, limetoka wapi, na nani alilibeba? Asiambiwe jibu haraka. Saa moja ya kubahatisha na kupima inampa heshima kwa Muir isiyopatikana kwenye picha yoyote.

Kuna tahadhari moja kubwa. Graniti iliyong'arishwa ikilowa huteleza vibaya sana. Waanze saa moja asubuhi na wawe wamekwisha shuka ifikapo saa sita mchana, kabla mawingu ya radi hayajakomaa. Radi ikisikika, hawasubiri hata matone ya kwanza.

Inafaa mtoto ajue pia kwamba Muir alizidisha. Alikuwa sahihi kuhusu barafu, lakini aliipa karibu kazi yote. Utafiti wa mtaalamu wa miamba François Matthes uliochapishwa mwaka 1930 ulionyesha kwamba mito ilichonga sana kabla ya barafu na kati ya vipindi vyake. Shujaa anayeweza kusahihishwa anafaa zaidi kwa mtoto kuliko sanamu.

Vigingi vitano

Tungelazimika kuchagua tendo moja tu la Muir la kumfundisha mtoto, lingekuwa hili. Agosti 1872 alipanda hadi barafuto ya Maclure, iliyo juu ya korongo la Lyell, akachomeka vigingi vitano: vinne kwenye mstari ulionyooka kutoka ukingoni kuelekea katikati, na cha tano juu zaidi. Alirudi baada ya siku 46. Kigingi cha kwanza, karibu na ukingo, kilikuwa kimesogea inchi 11, kama sentimita 28. Cha pili inchi 18, cha tatu 34, na cha nne, karibu na katikati, inchi 47, sawa na sentimita 119. Mstari ulionyooka ulikuwa umepinda kama upinde. Barafu iliyodhaniwa imekufa ilikuwa inatembea, tena katikati kwa kasi kuliko pembeni, kwa sababu pembeni inasuguana na mwamba.

Mgawanyo wa 119 kwa 46 mtoto wa miaka tisa anauweza: kama sentimita 2.6 kwa siku. Jaribio lenyewe alifanye nyumbani kabla ya safari. Koroga vikombe viwili vya unga wa wanga kwa kikombe kimoja cha maji, mimina kwenye mfereji wa kadi ngumu uliofunikwa plastiki, upana sentimita 10 na urefu 40, panga njiti tano zilale juu yake kwenye mstari mmoja, kisha inua ncha moja kidogo. Mchanganyiko ukikimbia, ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Ukiganda kabisa, ongeza maji kwa matone. Kosa la kawaida ni kuinua ncha mno, kila kitu kikateleza kwa pamoja na upinde usionekane.

Milimani kwenyewe hawezi kufika Maclure, lakini viraka vya theluji bado huwepo Julai kwenye maeneo ya juu kuzunguka Tioga Pass, pito la barabara mlimani, baada ya majira ya baridi yenye theluji nyingi. Apange kokoto tano ukingoni mwa kiraka saa tatu asubuhi na kurudi saa tisa alasiri na futi ya mkanda. Theluji itakuwa imerudi nyuma, si sawa kila mahali, na sababu zipo machoni pake: kivuli, jiwe jeusi lililoshika joto, maji yanayopita chini. Akimaliza azirudishe kokoto zilipokuwa. Asikanyage katikati ya kiraka, kwani chini panaweza kuwa na uvungu uliochimbwa na maji.

Ua ambalo haliruhusiwi kuchumwa

Siku ya tatu ilikuja na machozi. Mtoto alibeba kibanio cha kukaushia mimea, kwa kuwa Muir alibeba chake alipotembea karibu maili elfu moja hadi Florida mwaka 1867. Askari wa hifadhi akamweleza kwa upole kwamba hifadhini hakuna kuchuma ua, kuokota koni wala kubeba jiwe. Wazazi wangelijua hili mapema wangelitatua nyumbani, na hili tunalisisitiza: makatazo yote mtoto ayasikie kabla ya kuondoka, yakiwa na sababu zake. Hifadhi yenyewe, iliyotangazwa tarehe 1 Oktoba 1890, Muir aliipigania kwa kalamu. Kutochuma ni kulinda kazi yake.

Badala ya kuchuma, achore. Muir alianza kupenda elimu ya mimea chuoni Wisconsin, siku mwanafunzi mwenzake Milton Griswold alipomwonyesha ua la mti mmoja na kumthibitishia kwamba ni ndugu wa njegere. Ua moja tu lilitosha. Mtoto naye apewe ua moja na dakika 40: ahesabu petali, apime urefu wa shina, achore jani mbele na nyuma, aandike saa, kimo, aina ya udongo, mdudu aliyetua na alikotua. Mwisho wa ukurasa aandike swali ambalo hana jibu lake. Kwenye jalada la daftari lake la safari ile ya Florida Muir aliandika anwani yake kuwa ni sayari ya Dunia, Ulimwengu. Kila mtoto tunayemfikiria angependa kuandika hivyo hivyo, na aandike.

Sharti la kutembea peke yake lilikuwa gumu zaidi, na wazazi walipata suluhu nzuri: upweke unaoonekana. Mtoto anakaa peke yake dakika 20, mzazi akiwa umbali wa mita 15, bila kuongea naye, mtoto akiwa na filimbi shingoni. Akipotea kweli, atulie palepale karibu na mti na kupuliza mara tatu, anyamaze, apulize tena mara tatu. Sheria hiyo afanyie mazoezi. Kuisikia tu hakutoshi. Begi lake lisizidi kilo 2.8, sehemu ya kumi ya uzito wake: jaketi la mvua, sweta la sufi, kofia, lita moja ya maji, chakula kidogo, daftari, penseli, lenzi, futi ya mkanda. Fulana ya pamba isitegemewe kwa baridi, kwani ikilowa jasho huondoa joto mwilini, na usiku wa Julai Tuolumne unaweza kukaribia nyuzi sifuri. Chakula chote, hata dawa ya meno, kikae usiku kwenye kabati la chuma la kambini. Dubu wa Yosemite wanaijua harufu ya hema lenye chakula.

Swali la jioni ya tatu

Kando ya Ziwa Tenaya mtoto aliuliza Tenaya ni nani. Swali hili lisikwepwe. Tenaya alikuwa kiongozi wa Waahwahneechee, wenyeji wa asili waliofukuzwa kutoka Bonde la Yosemite na kikosi chenye silaha cha Mariposa mwaka 1851, miaka 17 kabla Muir hajafika California. Ziwa walilijua kwa miamba yake inayong'aa muda mrefu kabla ya mzungu yeyote kubishana juu ya barafu. Na Muir, katika maandishi yake ya ujana, aliandika maneno ya dharau juu ya wenyeji wa asili na juu ya watu weusi. Mwaka 2020 Sierra Club, chama alichosaidia kukianzisha tarehe 28 Mei 1892 na kuwa rais wake wa kwanza, kilikiri jambo hilo hadharani. Baadaye, akisafiri Alaska na waongozaji wa Kitlingit, wenyeji wa asili wa huko, maneno yake yalibadilika, ingawa hilo halifuti yaliyotangulia.

Mtoto wa miaka tisa anaweza kulibeba hili likisemwa kwa sentensi fupi na za kweli. Atauliza kama bado anaruhusiwa kumpenda. Aambiwe kwamba anaweza kupenda namna Muir alivyotazama miamba na kukataa namna alivyotazama watu. Aambiwe pia kwamba Muir mwenyewe alikuwa shabiki: kijana aliyetamani sana kuwa kama Alexander von Humboldt, mtaalamu wa maumbile wa Kijerumani aliyejaribu kufika kilele cha Chimborazo, mlima wa Ekuador, mwaka 1802. Mwaka 1867 alikuwa njiani kuelekea Amerika Kusini kwa ajili hiyo, malaria ikamwangusha Florida, na mwaka uliofuata akafikia California. Chimborazo hakupanda. Alichochukua kwa Humboldt ni tabia ya kupima na ya kuunganisha jambo na jambo.

Siku ya nne ilitumika kwenye korongo la Lyell, kilomita tatu kwenda na tatu kurudi kando ya mto, njia karibu tambarare. Kilomita mbili kwa saa, pamoja na vituo vya kuchora, ndiyo kasi ya kweli ya umri huu. Mzazi anayepanga nne atamkokota mtoto njia nzima. Kwa miaka ijayo lengo linajulikana. Korongo lina urefu wa kilomita 13 hivi, kisha njia inapanda kuelekea Donohue Pass, mita 3,370, na huko juu barafuto za Lyell na Maclure ziko jirani. Mwaka 2013 hifadhi ilitangaza kwamba Lyell imeacha kusogea, wakati Maclure ilikuwa bado inasogea kama inchi moja kwa siku, karibu kasi ile ile aliyoipima Muir, ingawa imepungua sana unene. Mtoto akifika miaka 12 au 13, akiwa amekwisha kulala mara kadhaa juu ya mita 2,500 bila kuumwa kichwa, safari ya usiku tatu huko inawezekana: kibali cha kulala porini kiombwe mapema, kopo gumu la kuzuia dubu ni lazima, na usiku wa kwanza walale Tuolumne kabla ya kuanza kupanda.